Wimbo Uliokataa Kwisha

Benchi lenyewe ni mbao mbili zilizopigiliwa juu ya magogo, zikaegemezwa ukuta wa hoteli chini ya dirisha la ukumbi, mahali ambapo bomba la chumba cha kufulia mashuka linapumua mvuke na kumlowesha kila anayekaa mwisho. Mwisho hapo ndipo kwa Brashi, mpiga ngoma wa hoteli, mzee mwembamba anayechomeka brashi zake za ngoma mfuko wa shati kama karani na kalamu. Katikati hukaa Waziri, kinyozi. Hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote, ila siri za serikali zote anazo, na hadithi ikimnogea, mteja hubaki amenyolewa upande mmoja. Anayefuata ni Gundi, fundi viatu, anayeongea na misumari midomoni na hajawahi kumeza hata mmoja. Mbele yao, juu ya kigoda, Mama Birika anauza kahawa na kusikiliza kwa masikio mawili, na la tatu analificha anakojua mwenyewe. Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, kesi ilikuwa moja tu. Jumamosi iliyopita mzee wa piano, ambaye mtaa mzima unamwita Kiongozi kwa kuwa ameongoza bendi ya watu watatu ya hoteli ile kwa miaka arobaini na mmoja, alipiga wimbo mmoja saa nzima na dakika kumi. Hakuacha mpaka meneja alipozima taa.

— Saa nzima na dakika kumi! Waziri alipiga paja. Mhudumu wa vinywaji kaniambia kwa mdomo wake. Wimbo mmoja! Mimi dakika kumi na tano nimeshamaliza kichwa na ndevu.

— Na damu umeshamfuta, alisema Gundi.

— We shona viatu. Mimi nawaambia, ule ni mgomo. Mgomo wa vidole. Meneja kawaondolea wapigaji chai ya saa kumi, mzee kanuna. Kasema, mnataka muziki? Haya, kuleni muziki mpaka mvimbiwe.

— Chai hawajaondolewa, alisema Mama Birika. Brashi, mmeondolewa chai?

— Tunakunywa, alijibu Brashi.

— Umesikia? Wanakunywa.

Brashi alijipangusa mvuke usoni. Yeye alikuwepo. Katika wote wale, ni yeye peke yake aliyekuwa ndani Jumamosi ile, amekaa hatua mbili kutoka kwenye piano, na kwa wiki nzima walikuwa wanamzunguka kama kuku wanaotafuta pa kutagia. Alikuwa amemwahidi mke wa Kiongozi kwamba hatasema. Na leo adhuhuri alikuwa amemwahidi mtu mwingine jambo jingine, na hilo ndilo lililomkaa kooni.

— Mgomo wapi, alisema Gundi, akachomoa msumari mdomoni na kuupiga kwenye kisigino. Pale kuna mwanamke. Meza ya nguzoni, gauni la kijani. Kila Jumamosi yuko pale, anakunywa maji tu. Mzee kamwona anachukua mkoba, anataka kuondoka. Basi akasema moyoni, huyu haondoki wimbo haujaisha. Na wimbo ukaishaje sasa, wakati yeye ndiye mwenye wimbo?

— Mzee wa miaka sabini na mbili, mwanamke! alisema Waziri.

— Vidole havina umri.

— Haya makubwa, alisema Mama Birika, akacheka mpaka birika likatikisika. Yule wa gauni la kijani ni dada yake meneja, na amekuja kuhesabu vijiko.

Waziri hakupenda hadithi ya mwenzake ipendeze kuliko yake. Akasogea mbele ya benchi, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya vita.

— Sikilizeni. Mzee ana kisirani cha zamani. Mnakumbuka ile bendi kubwa ya nje iliyokuja kumchukua? Miaka ile mimi bado naendesha baiskeli. Ndege imeshawaka, koti limeshanyooshwa, hakwenda. Kwa nini hakwenda? Pasipoti. Walimnyang'anya pasipoti uwanjani. Alikuwa amepigia marais watatu, akasikia mambo wanayosemezana mezani. Mtu kama huyo hawamwachii atoke. Basi miaka yote hiyo kaweka rohoni, na Jumamosi ikafumuka. Saa nzima na dakika kumi, hesabuni wenyewe: ndio muda wa kuruka mpaka mpakani!

— Ala! Gundi alisahau kutema msumari.

— Si alikosa pasipoti, Brashi? aliuliza Mama Birika. We ulikuwepo.

— Alikuwa nayo, alisema Brashi.

— Sasa?

— Hakutaka tu.

Brashi alijipangusa mvuke tena. Wale watu wa bendi kubwa walimtaka mpiga piano peke yake. Brashi wakati huo alikuwa na miaka minne tu tangu aache kubeba mizigo ya wageni, na mpiga besi wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa na watoto sita. Kiongozi aliwatazama wale watu, akawatazama wenzake wawili, akasema, sisi ni watatu. Akarudi kukaa. Hakulisema tena jambo hilo, wala hakuwahi kuwadai shukrani. Kwa ajili ya maneno yale matatu Brashi alioa, akasomesha, akajenga vyumba viwili na choo.

— Kama si pasipoti, basi ni lile piano lenyewe, alisema Gundi, na sasa macho yalikuwa yamemtoka. Mnajua lilikotoka? Nyumba ya marehemu mmoja. Mke wa marehemu alikuwa halifungui, alilifunika shuka jeupe. Hoteli ikalinunua. Sasa mwenyewe yumo! Yumo ndani, kati ya zile nyaya. Jumamosi kamshika mzee vidole, kamwambia, leo utanipigia mimi. Mhudumu kasema meno ya kinanda yalikuwa yanashuka yenyewe!

— Mhudumu huyo huyo, alisema Mama Birika, mwezi uliopita alimwona mamba kwenye tangi la maji.

— Yenyewe, Mama Birika! Bila kidole!

— Kama yalishuka yakanasa, Waziri alirukia, basi ni gundi. Meneja anataka kulitoa piano alete yale masanduku ya spika, kamtuma mtu apake gundi. Na gundi mtaa huu inatoka kwa nani?

— Unanitafuta!

— Inatoka kwa nani, jamani? Mimi nauliza tu.

Mama Birika aliwamiminia, wakaanza kupuliza vikombe. Kisha akamgeukia Brashi, na safari hii hakucheka.

— Hebu tuambie baba. Kulikuwa na nini mle ndani?

— Tulinogewa, alisema Brashi.

Hawakunogewa. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia, wageni wakatingisha vichwa. Wa tatu, Brashi akamwona Kiongozi anautazama mkono wake wa kushoto, ule ambao huuinua kuwaashiria wenzake waache ili yeye amalizie peke yake, anautazama kama mkono wa mtu aliyekaa karibu naye kwenye basi. Mkono haukuinuka. Wimbo ukarudi mwanzo. Wa tano, jasho likamchuruzika mzee mpaka kwenye kola. Wageni walicheka, wakapiga makofi ya kumsaidia, wakaanza kuondoka. Wahudumu wakapindua viti juu ya meza. Brashi akaendelea kusugua ngoma, sura ya mzee haitazamiki, mpaka taa zikazimwa na mzee akanyamaza ghafla, kama kasuku aliyefunikwa kitambaa. Akauliza gizani, kwa upole kabisa:

— Tumefika wapi?

Na leo adhuhuri meneja alimwita Brashi ofisini. Sanduku jeusi la spika lilikuwa limeshafika, bado liko kwenye nailoni. Meneja hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alisema, akiumaliza wimbo mwenyewe, na aendelee kupiga mpaka Mungu amchukue. Lakini ukirudi mara ya tatu, wewe weka brashi chini, mpiga besi naye aache, mimi nitapiga makofi, tutampa maua, na leo ndiyo mwisho. Wewe ubaki, Jumatatu anakuja kijana wa kinanda cha umeme. Brashi akasema, sawa. Neno moja, na tangu saa sita kahawa zote alizokunywa hazikuweza kulisukuma.

Basi wakiwa bado wanavutana juu ya gundi, mtu akatokea kwenye kona. Suti nyeusi iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, tai imefungwa na mkono wa mke, viatu safi, mikono yote miwili mifukoni kana kwamba anaogopa kuiangusha. Ni Kiongozi. Miaka yote alikuwa akipita mbele yao, anawapungia na kuingia kwa mlango wa mbele. Kwenye benchi hajawahi kukaa.

— Shikamoo Kiongozi! walisema wote kwa pamoja, na Gundi akatema misumari.

— Marahaba, marahaba. Sogeeni kidogo wanangu.

Wakasogea. Brashi akabanwa kwenye bomba. Mzee akakaa, akavuta suruali magotini isikunjike.

— Nina swali, alisema. Msinicheke.

— Tukucheke sisi? Waziri alisema.

— Dirisha hili halifungwi. Mmenisikia jua na mvua. Ule wimbo wetu wa mwisho, Ngoja Nivae Viatu. Unaishaje?

Waziri alicheka, alidhani wanapimwa.

— Mzee anatutahini! Huo nautoa usingizini.

Akaanza kuimba puani, na haki ya Mungu aliimba vizuri. Akapita mwanzo, akapita katikati, akafika pale unapopanda kama mtu anayekwea ngazi, akapanda, akapanda, akajikuta yuko mwanzoni tena. Akakohoa.

— Ngoja. Si hivyo. Gundi, shika wewe.

Gundi akaushika. Ngazi ile ile, akaporomokea pale pale. Mama Birika akafumba macho, akauchukua kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo, nzuri mpaka Waziri akavua kofia. Naye alifika juu, mkono ukabaki hewani, mdomo wazi, hakuna kilichotoka.

Wimbo uliwakwamia wote watatu pale pale. Kila mmoja alikuwa anajua kwa nini, na kila mmoja aliona haya kusema. Wimbo ule hupigwa saa moja kasoro, wa kufungia. Ukianza tu, benchi huamka: Waziri anakung'uta taulo, Gundi anafunga sanduku, Mama Birika anasuuza vikombe. Kwao ulikuwa ni saa ya kwenda nyumbani. Miaka yote hiyo hakuna aliyebaki kuusikia unafika.

— Kuna kanda! Waziri alisema kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu. Redio walikuja kuwarekodi!

— Ninayo, alisema Kiongozi. Jana nimeisikiliza na mama watoto mara sita. Ukifika pale anaingia mtangazaji na taarifa ya habari. Bei ya mbolea imepanda.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee akamgeukia mpiga ngoma wake.

— Na wewe, Brashi?

— Mimi ukiinua mkono naacha, Kiongozi. Inabaki piano tupu.

— Ndiyo. Na piano inasema nini?

— Mimi huwa... Brashi alitazama viatu vyake. Huwa naanza kulegeza skrubu za matoazi. Nawahi basi.

— Miaka thelathini na minne?

— La saa moja na robo. Likikupita hilo, jingine ni saa mbili.

Kiongozi alitikisa kichwa polepole, bila hasira, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa.

— Ni kweli, ni mbali kwako, alisema. Akatoa mikono mifukoni, akaiweka magotini, akaitazama. Basi leo tufanye hivi. Nikiinua mkono, usiache. Na nisipouinua, usiache. Wewe piga tu. Maana ukiacha nitabaki peke yangu mle, na mlango siuoni.

Brashi aliinua macho dirishani. Meneja alikuwa anapanga maua kwenye chombo juu ya piano. Aliwaona, akaonyesha saa yake ya mkononi, akatabasamu.

— Kunywa kahawa kwanza, Kiongozi, alisema Brashi. Bado mapema. Mama Birika, mpe kikombe mzee, kijae.

Mama Birika aliliinamisha birika. Lilitoa machicha, nusu kidole, meusi. Akalitikisa, akaliinamisha tena, akamwangalia Brashi kwa macho ya kuomba radhi.

— Imekwisha, baba.

Mzee akapokea hicho hicho, akanywa machicha yake bila kukunja uso, akashukuru, akasimama. Wote wakasimama naye. Brashi akazichomoa brashi mfukoni, akazirudisha, akazichomoa tena. Miaka yote Kiongozi ndiye aliyepita mlangoni wa kwanza, mpiga besi nyuma yake, Brashi mwisho na ngoma zake. Basi Brashi akasogea pembeni kumpisha, kama kawaida.

Kiongozi hakwenda. Aliutazama ule ukuta, dirisha, bomba, kona ya kulia na kona ya kushoto. Kisha akamshika Brashi kiwiko, kidogo tu, kwa vidole viwili.

— Leo tangulia wewe, alisema. Mimi nakufuata.