Ndege ya Mezani ya Mzee Taratibu

Tunayemsindikiza leo wengi tulimjua kwa jina moja tu, Taratibu. Alipewa jina hilo kazini, kwa sababu kila aliyemharakisha alijibiwa kwa neno hilohilo, na kazi ikaendelea kwa mwendo uleule.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, wa kwanza kati ya watoto wawili, katika nyumba ya chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha matofali. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alichelewa kutembea, akachelewa kusema, lakini hakuchelewa kufungua saa ya baba yake. Saa ile haikuwahi kuwa saa tena.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1963, akahitimu ufundi wa mitambo mwaka 1970. Januari iliyofuata aliajiriwa katika karakana ya uwanja mdogo wa ndege, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 2009. Humo alitunza ndege moja nyekundu ya viti viwili, ile ya michezo ya angani, iliyokuwa ikipinduka na kubingirika huku watu chini wameshika vichwa. Aliijua kila nati yake lakini hakuwahi kuipanda. Rubani akimkaribisha, alisema, "Nimeifunga mwenyewe, ndiyo maana naogopa."

Tarehe 6 Agosti 1977 alimwoa karani wa uwanja huohuo. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, ambaye jioni nyingi alishinda karakanani akimsubiri baba yake. Binti akakua, akasomea uuguzi, na mwaka 2004 akaenda kufanya kazi ng'ambo. Mkewe alifariki mwaka 2012. Nyumba ikabaki na mtu mmoja na redio.

Ndipo alipoanza kuijenga upya ile ndege nyekundu, ikiwa ndogo, kila sentimita sita za ndege halisi akizifanya moja. Mabawa yalijaza meza yote ya chakula, akawa anakula sahani ikiwa mapajani. Alitumia mbao laini, karatasi nyembamba, na uvumilivu ambao sisi ndugu zake tuliuita ukaidi. Mikanda ya viti aliikata kwenye mkoba wa marehemu mkewe. Ukisukuma usukani kwa ncha ya kijiti, mkia uliitika.

Kufikia mwaka 2018 ilibaki kazi moja tu, kugandisha kwa gundi kifuniko cha plastiki angavu juu ya viti. Kikishagandishwa hakifunguki tena. Taratibu akakataa kukigandisha. Alitaka binti yake achungulie ndani kwanza.

Binti alisema atakuja mwaka ule. Kisha mwakani. Mara zamu, mara watoto wadogo, halafu mipaka ikafungwa. Wageni wengine walikuja, wachache, wakasimama mlangoni, wakasifu mikono yake, wakaaga. Hakuna aliyeinama. Kila asubuhi alipangusa vumbi la ndani kwa brashi ya rangi. Jirani yake, fundi seremala, alimwambia, "Mzee, funga tu. Ngojangoja huumiza matumbo."

"Atakuja," alijibu. "Nikifunga, atakuta nini?"

Alikuwa mpweke, tuseme ukweli, na hakupenda kuambiwa hivyo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023. Alilazwa tarehe 2 Mei 2024. Dada yake alipokwenda kumchukulia nguo, aliikuta ndege imefungwa kifuniko. Wodini akamuuliza kulikoni.

"Vumbi linakuja kila siku," alisema. "Wageni hawaji."

Kisha akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Binti yake alipokuwa na miaka mitano aliingia kwenye ndege halisi akakwaruza kwa msumari picha ya watu watatu, ubavuni kwa ndani, chini kabisa karibu na kiti cha nyuma. Taratibu aliamriwa aifute kwa rangi. Hakuifuta. Katika ndege ndogo aliichora tena kwa ncha ya sindano, watu wote watatu, mahali palepale. Bila kuinamisha uso hadi ukingoni, kifuniko kikiwa hakijafungwa, huioni. Alifariki alfajiri ya tarehe 11 Mei, usingizini.

Binti aliwasili juzi. Shangazi yake akamweleza yote. Seremala akaja na kisu chembamba, akasema kifuniko kinaweza kutoka, ingawa kitapasuka. Binti alikaa mbele ya meza ile muda mrefu, akamulika tochi upande huu na ule. Hakuona kitu.

"Acha, fundi," alisema. "Kilikuwa wazi miaka sita."

Ameomba haya yasomwe hapa, mbele ya baba yake.

Marehemu ameacha dada mmoja, binti mmoja, na wajukuu wawili aliowajua kwa sauti zao kwenye simu. Mungu ampe pumziko tulivu. Hana wa kumngoja tena.