Nimeanza Mimi: Risala ya Watu wa Mutobe

Mgeni rasmi, Madamu Elsa, mkuu wa ofisi inayotoa alama ya ubora, wazee wetu wa Cibitoke, majirani, na wewe Mama Scholastique, uliyekataa kiti cha mbele ukaenda kukaa karibu na sufuria: amani iwe kwenu.

KARIBU KWETU

Karibu, Madamu. Harufu hii uliyoipokea mlangoni ni ya ndizi zilizotoka jana kwenye shimo tunamozivundika, zimeiva hadi zinataka kusema. Sisi ni watoto, wakwe na majirani wa Mama Scholastique. Tunalima ndizi kilimani, juu ya mji. Tunazikanda na majani mpaka zitoe mutobe, ile juisi tamu ambayo bado haijachacha kuwa pombe, kisha tunauchemsha na kuujaza chupani hapa uani.

TULIKOTOKA

Shamba lilikuwa la Mzee Sébastien, marehemu mume wa Mama. Asubuhi ukungu hupanda kutoka ziwani, na migomba husimama ndani yake kama watu wanaongojea kuitwa majina. Mama husema saa hiyo shamba linaota, ukiingia kwa haraka unalikatiza. Mpaka leo tunaingia polepole.

Ile miaka ya vita na hofu mnaijua wote, hatutaifukua. Jirani alimwogopa jirani. Mtu akipewa kinywaji alisema asante, akakiweka chini, akaaga. Ndizi za Mzee Sébastien ziliiva zikaoza, kwa sababu hakuna aliyetaka kunywa cha mwingine.

Siku moja Mama alibeba kibuyu chake akaketi njia panda. Watu walipita mbali naye. Hatimaye mwenye baiskeli ya mkaa akasimama.

“Kuna nini humo?”

“Mutobe.”

“Nani ameunywa?”

Mama akamimina kikombe, akakinywa chote, akajifuta mdomo. “Nimeanza mimi,” akasema. “Sasa ni wewe.”

Yule mtu hakunyoosha mkono. Akabaki anamtazama.

“Unangoja nife?” Mama akamwuliza. “Nimeacha nguo kwenye kamba, mi siwezi kufa leo.”

Mwenye mkaa akacheka, akanywa. Kesho yake akarudi na ndugu yake.

Madamu, wewe ni mtoto wa nchi hii, unajua kwamba mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni. Mama hakubuni kitu. Aliokota desturi iliyokuwa imeanguka njiani, akaipangusa vumbi.

TULIYOYAPATA

Mzee alipofariki, watu walitushauri tuuze shamba. Mama akasema tuuze mutobe. Orlane, mjukuu wake, akachora etiketi yenye kikombe, na juu yake maneno mawili: Nimeanza Mimi. Tukanunua chupa zenye vifuniko vya kubana. Duka moja la Kiriri, mtaa wa matajiri kule mlimani, likakubali kutujaribu.

Hapo tulifanya jambo ambalo mpaka leo likitajwa Hyacinthe, mtoto wa kwanza wa Mama, huangalia viatu vyake. Alizipeleka chupa zote zikiwa zimefunguliwa, na kila moja ina pengo shingoni. Mwenye duka aliziinua moja moja kwenye mwanga.

“Lakini hizi mtu amezinywa.”

“Ndiyo, Madamu,” Hyacinthe akajibu kwa furaha. “Mama amezionja zote. Hakuna hata moja aliyoisahau.”

Alirudishwa na mzigo wake wote. Akateremka nao mpaka Buyenzi, kwenye magereji, hana mpango wowote. Fundi Khaled alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

“Nasikia harufu ya mutobe. Umechacha?” miguu ikauliza.

“Apana. Ni mutobe tu, si pombe.”

“Nani ameonja?”

“Mama. Chupa zote.”

“Zote? Basi huyo mama ameshashiba kuliko sisi. Leta.”

Zikaisha kabla ya adhana ya alasiri.

Mama alifikiri kwa siku nyingi, anakoroga sufuria. Kisha akatoa neno lake. Chupa za kuuza zifungwe na zisiguswe. Lakini katika kila sufuria itolewe chupa moja isiyouzwa, isafiri na mzigo, na anayeupeleka anywe humo mbele ya anayepokea. Tunaiita chupa ya mwenyeji. Hyacinthe akarudi nayo Kiriri. Yule mwenye duka sasa humngojea na kikombe chake mwenyewe, na wateja wake husimama kutazama. Hivyo ndivyo jina letu lilivyopanda mlima, na leo liko katika maduka mengi ya mji.

KINACHOTUSUMBUA

Maji ya bomba hukatika, petroli hukosekana, na baiskeli ya mizigo, ingawa mbovu, imetuzoea kama tulivyoizoea. Hayo tunaishi nayo.

Lililotuondolea usingizi ni hili. Maduka yamesema mwezi huu ukiisha bila alama ya ubora, yatatuondoa rafuni. Na wakaguzi wenu walisema alama haitoki maadamu chupa iliyofunguliwa inasafiri na zilizofungwa. Hatuwalaumu. Walikuja kwa heshima, wakavua viatu.

Walipoondoka, Hyacinthe alimwambia mama yake, “Mama, tuiache. Kifuniko kinatosha.”

“Kifuniko kinasema nini?”

“Kinasema hakuna mutu aliyegusa.”

“Ndiyo hapo. Mi nataka kiseme kuna mutu aliyegusa, na bado yuko muzima.”

Mama akaongeza, “Kikombe kikiondoka, na jina mulibandue. Siwezi kuandika nimeanza mimi na mi sijaanza.”

Tangu siku hiyo hajapanda shambani. Anakaa pale mnapomwona. Nasi tumekwama kati ya alama na jina, na tunavihitaji vyote viwili.

TUNACHOOMBA

Hatuombi mashine. Sharti lolote la usafi, la kuchemsha, la tarehe kwenye chupa, tutalifuata. Tunaomba tu chupa ya mwenyeji isafiri katika kikapu chake, mbali na za kuuza, na kanuni zenu ziitambue kuwa ni salamu.

Mama ana ndoto inayomrudia. Chupa yetu imefika mji wa baridi asioujua, nyumba zake ndefu, taa zake za buluu. Dirishani mtu ameishika na anaogopa. Katika ndoto Mama anatembea juu ya maji ya ziwa, miguu haizami, mpaka kwa yule mtu, anywe kwanza. Tulimwambia, Mama, huwezi kwenda na kila chupa. Akasema, “Najua. Jina ndilo litakwenda. Basi liende likiwa kweli.”

Madamu, Mungu akupe mvua ya kiasi, nyumba isiyokosa mgeni, na mgeni asiyeogopa kikombe chako.

Mezani kuna vikombe viwili. Mama ameinuka, anakuja. Tunaomba mtulie kidogo, maana siku hizi hunywa polepole. Akimaliza atasema maneno yake, yale yale ya njia panda. Kikombe cha pili kiko mbele yako, nasi hatutasema zaidi.

Ni sisi, watu wa mutobe wa Nimeanza Mimi,
Cibitoke, Bujumbura.
Imesomwa na Dative, mkwe wa Mama Scholastique.