Barua ya Kila Asubuhi

Fundi cherehani aliketi nyuma ya wanawake wawili ndani ya basi, na masikio yake, kwa kuwa nyumbani hayana kazi, yalikuwa wima.

"Mama, kwa umri huu wa hamsini usikae tu," nesi alimwambia mwenzake wa kiti, mama mwenye kikapu. "Tembea. Ubongo utakushukuru uzeeni."

"Mume wangu alisambaza barua kwa miguu miaka thelathini," mama akajibu. "Leo hanijui."

Nesi akamgeukia. "Pole, mama. Kutembea kunapunguza hatari, hakuiondoi. Pengine bila hiyo miguu angesahau mapema zaidi."

"Pengine. Maana miguu yenyewe haijasahau. Kila asubuhi anatokea mlango wa nyuma, anazunguka nyumba, anapiga hodi mbele. 'Mama, barua yako hii.' Mkono mtupu! Napokea, namsainia kiganjani kwa kidole, ananishukuru."

"Na unamfungulia kila siku?"

"Nisipomfungulia, si ataipeleka kwa jirani?"

Wakacheka.

Fundi, ambaye miguu yake ilikanyaga cherehani kutwa bila kufika popote, alianza kupiga hesabu ya umri wake, akaiacha njiani. Kilichomsumbua ni kingine: yeye aishiye peke yake akianza kusahau, nani atamwambia?

Akashuka vituo viwili kabla ya chake, akatembea. Alipofika mlangoni kwake, ufunguo tayari mkononi, akapiga hodi kwanza.