Usisikie Peke Yako

Mukuna, funga televizyo. Mwadi, mwanangu, kuya hapa karibu ya kitanda, sababu sauti yangu inaisha. Sikieni tata yenu, batoto yangu, musinikate maneno.

Nyumba hii ya Manika isiuzwe. Shamba ya Lubudi Mukuna atalima, na Mwadi atabaki na chumba yake mpaka siku yenye atapenda kutoka yeye mwenyewe. Hiyo imeisha. Sasa nabaambia yenye inaniuma.

Mwadi, mi nakuona. Unasimama mu parcelle, hapa mbele ya nyumba, na ndoo ya maji mukononi, unageuka, unauliza kama tumekuita, na hakuna mutu alikuita. Unafikiri unaficha. Kwangu hauwezi kuficha, sababu na mi niliishi vile tangu ujana, tangu dada yangu mukubwa, Mwadi wa kwanza, yule tulikupa jina yake, alianza kujibu batu benye siye hatukubaona. Ku Lubudi balisema ni bulozi. Balimuwekea sahani yake mbali, akakufia mu nyumba ya jikoni bila mutu wa kusema naye. Toka pale nikachunga kichwa yangu kama mutu anachunga mwizi. Nikisikia jina yangu, natazama kwanza imbwa: akiinua masikio, basi kweli mutu ameita, asipoinua, naendelea na kazi kama sikusikia kitu. Hata mama yenu, Mungu amupumuzishe, sikumuambia. Tulilala kitanda moja miaka yote, na mi nilikuwa peke yangu ndani. Ule ugonjwa haukunifikia, lakini upweke ulinikula.

Mukuna, usitazame chini. Najua pasta wako anasema jina njo imeleta mambo, eti tuibadilishe, na dada yako afunge kula, alale kule ku chumba ya maombi. Kuomba, ombeni, sikatazi. Lakini jina ni ya dada yangu, alikuwa anaimba muzuri, anapenda batu, na jina yake haitoke mu nyumba hii. Wala musimufungie mutoto wangu mu chumba ya mutu. Umupeleke Lubumbashi kwa munganga wa magonjwa ya kichwa, mapema, weye mwenyewe, ukae naye ku banc ya kungojea mpaka bamuite. Bakimupa dawa, anywe. Bakisema hakuna kitu, murudi mukicheka.

Kule ku mugodi ya Mashamba, kwenye nilikuwa napasula mawe na baruti, sirene ikilia unarudilia ku radio kile umesikia, na mwenzako anajibu kama na yeye amesikia. Hakuna mutu wa kupasula na masikio yake peke yake. Na mi, bure kabisa, ile akili nikaiacha ku kazi, sikuileta ku nyumba. Ninyi muilete. Mwadi, ukisikia kitu, uliza. Mukuna, umujibu kweli, bila kumucheka, bila kumuogopa.

Nitieni maji ku midomo... asanti. Munizike karibu ya mama yenu, musilipe orchestre ya muziki. Mungu abachunge, abapatie usingizi muzuri, na meza yenye batu bengi. Mukuna, ubarikiwe. Mwadi, ubarikiwe weye na jina yako.

Ngoja... Kuna mutu ananiita inje, pale ku mulango. Mwadi, na weye unamusikia?

Unatikisa kichwa. Hausikie.

Basi ni kichwa yangu tu. Merci, mwanangu. Nilikuwa na woga ya kuuliza, maisha yangu yote. Nishike mukono.