Rundo la Nyavu, Rundo la Sufuria

Wilondja: Haloo? Ni nani mwenye namba hii?

Aline: Ni mimi Aline, Papa. Nimebadili laini. Jambo.

Wilondja: Jambo, mama. Uko wapi? Kelele nyingi.

Aline: Stesheni ya treni ya Toongabbie, natoka kazini kule tunakotunza wazee. Papa, sufuria ya bugali iko wapi?

Wilondja: Mama yako Cécile amenishitaki.

Aline: Mama anasonga bugali kwenye kikaango.

Wilondja: Bugali wa kikaango hauui mtu.

Aline: Na vile vyuma vya gerejini?

[Chuma kinagonga chuma upande wa Wilondja.]

Aline: Mama ameliona lile kopo la maziwa, Papa. Limejaa risasi.

Wilondja: Sina bunduki. Sikuwahi kuwa nayo, hata kule Fizi kabla hatujakimbilia nchi hii. Nilikuwa nasubu tu, nayeyusha vyuma na kuvimimina kuwa risasi.

Aline: Najua. Lakini kesho saa nne ajenti wa mwenye nyumba anakuja kukagua. Atafungua gereji, ataita polisi, na nyumba mtaipoteza. Hawatauliza kama una—

Wilondja: Nimebakiza mchanganyiko mmoja tu wa kujaribu.

Aline: Wa nini?

[Simu inakwaruza.]

Wilondja: Ule wa Balthazar.

Aline: Papa. Baba mdogo amekufa miaka kumi na sita sasa.

Wilondja: Alikufa gobole likiwa mkononi, yeye na vijana tisa waliolinda kijiji. Risasi zangu zilivunjikia ndani ya mtutu. Mimi ni fundi, Aline. Za fundi hazivunjiki.

Aline: Vyuma vizuri vilikuwa vimewaishia. Kila mtu alisema—

Wilondja: Walisema kwa huruma. Ndiyo maana najaribu. Nikiyeyusha vizito vya nyavu za samaki peke yake, risasi inatoka safi. Nikitia na sufuria, kama ile ya mama yako, inatoka na nyufa, naivunja kwa vidole hivi.

Aline: Kwa hiyo?

Wilondja: Kwa hiyo sufuria iliingia mahali pasipo pake. Nyuma ya karakana nilikuwa na marundo mawili, la nyavu na la sufuria. Siku ile vijana walikuwa wamesimama mlangoni wananihimiza, nikamimina bila kuangalia. Nataka kujua kama lilikuwa jicho langu, au—

Aline: Au?

Wilondja: Hakuna au. Lilikuwa jicho langu.

Aline: Nani alikuwa anakuletea vyuma kwa kitunga?

Wilondja: Treni yako haijafika?

Aline: Nani, Papa?

Wilondja: Mtoto. Mtoto wa miaka saba hahesabiwi kosa.

[Nyuma ya Aline, tangazo la treni ya kwenda Parramatta.]

Aline: Mvua ilikuwa inakuja. Uliniambia nisichanganye. Mimi nikaona safari mbili ni nyingi, nikajaza kitunga kutoka marundo yote mawili, nikakimbia. Nilipofika uliniita hodari. Papa? Sijamwambia mtu. Hata padri sijamwambia.

[Simu inakwaruza, inanyamaza.]

Aline: Papa?

Wilondja: Haloo? Aline? Mtandao mbaya humu gerejini. Sijasikia kitu.

Aline: Nasema ni mi—

Wilondja: Sijasikia. Usirudie, utamaliza salio bure.

Aline: Umesikia, Papa.

Wilondja: Nazirudisha risasi zote kuwa bonge moja, kisha nazima jiko. Kopo nalipeleka mwenyewe kwa wale wanaopokea vyuma chakavu. Huyo ajenti wako atakuta gereji imefagiwa.

Aline: Na ule mchanganyiko wa mwisho?

[Kopo linasukumwa sakafuni.]

Wilondja: Hauna kazi tena.

Aline: Papa, mimi—

Wilondja: Umekula?

Aline: Bado.

Wilondja: Kula. Kesho ukitoka huko kwako Merrylands, mnunulie Cécile sufuria. Iwe nzito, asije akatuchomea tena bugali.

Aline: Ndiyo, Papa. Treni imefika, inabidi—

Wilondja: Panda, panda. Shika vyuma vizuri, usianguke.

Aline: Kesho basi.

Wilondja: Kesho. Hodari wangu.

[Simu imekatika.]