Kadi Mia Tisa Zisizo na Namba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae kidogo na mtu tuliyempoteza Jumanne. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Kadi. Alifundisha falsafa miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo aliandika kitabu kimoja tu: dini za dunia zilianzia wapi, na zilikuaje.

Aliandika kwenye kadi. Kadi mia tisa, ndani ya maboksi ya viatu. Na hakuzitia namba hata moja. "Nikiandika moja, mbili, tatu," alimwambia mkewe, fundi cherehani, "watu watadhani dini ni ngazi, na kila mtu atajiweka juu." Mpangilio ulikuwa kichwani mwake. Mkewe akamtania: "Kichwa hichohicho kinachosahau miwani kila siku?"

Mwaka jana akapatwa na kiharusi. Mtu aliyeongea darasani mpaka kengele ikachoka, akabakiwa na neno moja: "Sivyo."

Siku ya kumrudisha nyumbani kutoka hospitali, mkewe alikuwa akisogeza maboksi ili kitanda kipate nafasi. Moja likafumuka chini. Akajaribu kulidaka, akayaangusha yote. Kadi mia tisa sakafuni, bila namba. Akakaa palepale akalia.

Miezi kumi na mmoja, wasikilizaji! Kila asubuhi aliacha cherehani, akazipanga juu ya shuka. Mizimu ya mababu, manabii, watawa, mahekalu. Mume anatazama. "Sivyo." Anapanga upya. "Sivyo."

"Baba watoto, basi nioneshe kwa kidole!"

Kidole hakikuinuka. Machozi yalimtoka mwalimu, na mama wa watu hakuwa na la kumsaidia.

Kadi moja ilimkaa mkewe moyoni. Iliandikwa: "Dini haikuanza kwa kuogopa radi, kama wengi wasemavyo. Ilianza kando ya mgonjwa, mikono ilipokosa la kufanya."

Jumanne asubuhi pumzi zikaanza kupungua. Mama huyu anasimulia: "Mimi na yeye hatukuwa watu wa kuomba. Lakini daktari alishasema hakuna dawa. Nikasukuma kadi kando, nikamshika mkono, nikaomba. Hata sijui nilimwomba nani. Nikangoja aseme sivyo. Hakusema."

Pole sana mama. Poleni watoto na wajukuu. Maboksi yako mezani, na hakuna aliyebaki anayeujua mpangilio wa kadi. Nasi tulio hai, tulio na dini na tusio nayo, tujiulize: siku mikono yetu itakapokosa la kufanya, itamshika nani?