Msiisingizie Sindano Yangu

Fungeni mlango, wanangu, dirisha liacheni wazi, na kila mmoja apandishe barakoa yake mpaka juu ya pua, hata wewe mkwe wangu, maana leo nasema mimi, na pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia. Mama yenu na akae hapa kitandani, upande wa mtungi wa oksijeni. Msilie. Nina hasira, na mtu mwenye hasira kama zangu hapendi kukatizwa na kwikwi.

Nimewasikia mkinong'ona ukumbini. Nyumba hii niliijenga mwenyewe, najua kuta zake zinavyopitisha maneno. Mmekubaliana kwamba nikifa mtawaambia watu ni sindano iliyonimaliza. "Sindano ya mgongo," ndivyo mnavyoiita mbele ya wageni, kana kwamba mgongo ndio ulionipeleka hospitali. Nina saratani ya tezi dume. Semeni hivyo hivyo, mdomo hautapasuka. Ugonjwa huu unajilisha kwa homoni za kiume, na sindano ninayochomwa inazizima homoni hizo ili ugonjwa ukose chakula, ulegee. Ilinichosha, sikatai. Ilinipa joto la ghafla mpaka nikawa nagombania feni na mama yenu, naye akacheka, akasema, "Karibu chamani, mume wangu, mimi nilijiunga zamani, hedhi ilipokoma." Sisi wawili tulicheka, nyinyi mkaona aibu. Lakini sindano hiyo imenipa miaka ya kwenda dukani kwa miguu yangu, kutengeneza mizani za watu, kuwaona wajukuu wakianza shule. Leo mnataka kuizika pamoja nami kwa jina la muuaji?

Basi nitasema yaliyotokea, maana naona mnajifanya hamnazo.

Kirusi cha kifua kilipoingia mtaani, mkwe wangu huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Nimesoma Mahali, alisimama hapo mlangoni na simu yake mkononi, akasema, "Baba, una bahati ya mtende! Nimesoma mahali kwamba homoni za kiume ndizo zinazokifungulia kirusi mlango wa mapafu. Zako zimezimwa. Mlango umefungwa!" Mkampigia makofi. Nilimuuliza daktari wangu, mama asiyependa haraka, akavua miwani, akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto wake: "Mzee wangu, walioanza kulifikiria jambo hilo walikuwa na sababu ya kutumaini, lakini uchunguzi uliofuata haujatupa uhakika, na wengi hawakuiona kinga hiyo. Sindano yako ni ya saratani. Kwa kirusi, chanjwa, vaa barakoa, kaa mbali na wanaokohoa." Niliwaletea maneno yake yote, sikuacha hata moja. Siku ya kwenda kuchanjwa ilipofika mkasema gari lina safari nyingine, baba ana kinga yake ya sindano.

Kisha mkwe akaanza kukohoa. Mkampeleka wapi? Kwangu! Mlisukuma kitanda hiki ukutani, mkatandika godoro lake miguuni pangu, kwa kuwa eti chumbani kwa babu hakuna hatari. Nilipokataa mkaniambia, "Baba, usiwe mwoga." Alipopona akatoka anapiga mluzi, na wewe kifungua mimba wangu ukaletwa kwenye godoro lile lile, shuka tu ndiyo iliyobadilishwa. Nikawapa maji, nikawashika vifua mkikohoa, mimi mzee mwenye saratani nikageuzwa nesi wa wodi isiyo na daktari, na huko nje mkawa mnanisifu kwamba baba ni chuma. Kilemba cha ukoka! Ninyi mmepona, mimi niko hapa, na sasa midomo ile ile iliyosema sindano inaniokoa inasema sindano imeniua.

Maisha yangu yote nimetengeneza mizani. Mnajua kwamba muuza nyama wa pale kona nilikataa kumhudumia tangu siku aliyotaka nimlegezee springi ili apunje watu, na hatujasalimiana tena. Akija mazikoni, mpeni kiti. Yeye alipunja nyama tu. Ninyi mlikandamiza kidole upande uliowapendeza, na juu ya sahani nilikuwa mimi.

Nyumba ni ya mama yenu. Asihamishwe, asishauriwe kuhama, asiletewe mpangaji asiyemtaka. Duka na vifaa vyote ni vya kitinda mimba, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua kazi, na anayeona haya kuagizwa na dada yake atafute kwingine. Kiwanja cha nyuma ni chako, kifungua mimba, nacho nakupa bila sharti, ili usije ukasema baba alinihonga.

Sogea sasa. Sogea, mwanangu... Wewe pia umepimwa. Nilikusikia ukimwambia shemeji yako kwamba imeonekana kwenye tezi, na kwamba hutarudi hospitali, kwa sababu umeona sindano ilivyommaliza baba. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, wala si kwenye godoro. Mimi nimezeeka. Lakini uongo wenu wa ukumbini haumdanganyi jirani, unakuua wewe, na watoto wako wadogo wanakusubiri pale nje.

Kilichonilaza ni kirusi, nacho nilikipata kwenye chumba hiki, si kwenye sindano. Rudi kwa daktari yule mama. Akisema ni upasuaji, lala. Akisema ni sindano, chomwa. Akisema subiri tuangalie, subiri, ila usubiri ukiwa mbele yake, usijifiche. Na kama kutakuwa na joto la ghafla, mkeo... mkeo atacheka, na wewe ucheke.

Mazikoni atakayesema awe kitinda mimba. Aseme saratani ya tezi dume, aseme kirusi cha kifua, kwa sauti ya kufika nyuma kabisa, wanaume wote wasikie. Mkwe wangu asiseme kitu. Nimemsamehe... asiseme kitu.

Mungu awape vifua vizima. Awape... awape kusikia. Mama yao, ongeza hewa kidogo.

Kifungua mimba. Niambie utakwenda. Si kwa kichwa, sioni vizuri. Kwa mdomo.

Nini? Barakoa inameza maneno. Rudia, baba.

Rudia tena, mama yako awe shahidi...

Haya. Nimesikia. Nenda kesho, usingoje nizikwe.